Wengi Kwenye Pipa, Mavuno Hakuna: Kisa cha Moina Waliogeuka Madume

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la kituo, wilaya, mwaka na wahusika nimeviondoa kwa makubaliano na mwenye kituo. Nilihusika mwenyewe kama mshauri, na sehemu ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu.

Usuli

Kituo kipo ukanda wa pwani ya Tanzania, nje kidogo ya mji. Kinatotolesha vifaranga vya kambare na kuwauzia wafugaji wa mabwawa. Mwenye mali ni mama mstaafu, humu nitamwita Mama. Kazi za kila siku anazisimamia kijana mmoja, nitamwita Msimamizi, akisaidiwa na mhudumu wa mabwawa.

Anayefuga kambare anajua kipindi kigumu ni kipi. Kifaranga akimaliza kiini alichotoka nacho kwenye yai, siku ya tatu hivi, anataka chakula kidogo kinachotembea. Makopo ya artemia, vijidudu wa maji ya chumvi wanaolishwa vifaranga, yanatoka nje ya nchi na bei yake inaumiza, kwa hiyo kituo kilikuwa kinafuga moina. Huyu ni mdudu wa maji baridi asiyefika milimita mbili, ndugu wa dafnia, na wote wawili watu huwaita viroboto maji kwa jinsi wanavyorukaruka. Kwa ukoo hasa ni krasteshia, kundi moja na kamba na kaa.

Moina walikuwa kwenye mapipa ya bluu manane yaliyolazwa ubavu na kukatwa juu, kila moja likichukua kama lita 100. Chakula chao kilikuwa maji ya kijani na hamira kidogo iliyokorogwa. Kila asubuhi mhudumu alivuna kwa chujio la kitambaa, kisha akajazia lita 10 za maji mapya kwenye kila pipa. Maji hayo yalitoka kwenye tangi la plastiki la lita 5,000 lililo juu ya mnara. Matrei ya vifaranga hayakutumia tangi hilo. Yalipata maji moja kwa moja kutoka kisima kirefu. Tofauti hii ndogo ya mabomba ndiyo iliyokuja kutusaidia, ingawa siku za mwanzo hakuna aliyeitaja, nami sikuiuliza.

Mtiririko wa mambo

Msimamizi alinipigia simu mvua za masika zikiwa zinaelekea kukatika. Mavuno ya moina yalikuwa yameshuka kwa siku kadhaa mfululizo. Nilimuuliza maswali ya kawaida: maji yananuka, yamekuwa ya maziwa, wamejaa juu wakitafuta hewa? Akajibu hapana kwa yote. "Kaka, wapo wengi tu na wanacheza vizuri. Ila hawaongezeki." Nikamwambia apunguze hamira, aondoe tope la chini na awavune zaidi ili wasisongamane.

Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Moina wakisongamana au wakikosa chakula, uzazi unapungua, kila mfugaji ameshaliona hilo. Kosa langu ni kuutoa kwa simu, na kuuacha ufanye kazi siku kumi kabla sijaenda kujionea. Siku hizo kumi zilikula mzao mmoja wa vifaranga karibu wote, kwa sababu moina walioendelea kuvunwa walikuwa ni akiba inayokwisha.

Nilipofika niliona mapipa mazuri. Maji ya kijani safi, hayana harufu, joto la kawaida la pwani. Nilichota kikombe, nikakiinua kwenye mwanga, nikaona wingu la moina wadogo na wakubwa wachache kati yao. Nikafurahi. Nikamwambia Mama kwamba watoto ni wengi, hivyo baada ya siku mbili tatu watakua na mavuno yatarudi.

Wale hawakuwa watoto.

Jike mzima wa moina ana urefu wa kati ya milimita 1 na 1.5. Dume mzima ni kati ya 0.6 na 0.9. Kwa macho matupu, dume aliyekomaa anafanana kabisa na jike ambaye bado ni mdogo, na pipa lililojaa madume linaonekana kama pipa lenye neema. Siku mbili zikapita, tatu, nne. "Watoto" hawakukua.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa biolojia wa sekondari ya jirani. Alituazima hadubini ya shule, ile yenye kioo cha kugeuzia kwenye jua. Nikaweka tone moja na kuondoa maji ya ziada kwa ncha ya karatasi ya choo ili mnyama atulie. Mbele ya kichwa chake nikaona vipapasio viwili virefu, vimepinda kama pembe za swala anayechungulia chini. Jike wa moina ana vipapasio vifupi. Anayefuata: virefu. Anayefuata: virefu. Tulipotoka pale jioni tulikuwa tumepitia pipa moja baada ya jingine, na kwenye yote manane madume walikuwa zaidi ya nusu.

Kwa nini jambo hili lilitushtua

Moina na dafnia kwa kawaida huzaa bila dume. Jike hutaga mayai kwenye mfuko wa mgongoni, yanaanguliwa humohumo, na wanaotoka ni majike walio nakala yake. Kwenye joto la kwetu jike wa moina huanza kuzaa akiwa na umri wa siku nne hadi saba, na baada ya hapo hutoa mzao mpya kila siku moja na nusu au mbili. Ndiyo maana pipa moja linaweza kulisha trei nzima.

Hali inapoharibika, yaani chakula kinapokwisha, msongamano unapozidi au bwawa linapoelekea kukauka, majike hubadili mwenendo. Kwanza huzaa madume. Kisha hutengeneza mayai ya kulala, yenye ganda gumu jeusi, ambayo yanahitaji kurutubishwa na dume na yanaweza kukaa kwenye tope kavu hadi mvua nyingine. Dume wa hapa ni kiumbe wa ajabu kidogo, kwa kuwa vinasaba vyake ni vilevile vya mama yake. Kinachomfanya dume ni amri ambayo yai limepewa likiwa bado kwenye ovari, muda mfupi kabla ya kutagwa kwenye mfuko.

Nilitazama juu ya maji na kwenye kingo za mapipa nikitafuta yale maganda meusi. Kwenye pipa lenye njaa utayakuta yameelea kama mbegu za ufuta zilizomwagika. Hapakuwa na kitu. Hili ndilo lililoniondoa kwenye njia ya "chakula na msongamano". Njaa huleta madume pamoja na mayai ya kulala. Sisi tulikuwa na madume peke yao, kana kwamba nusu ya kwanza ya amri imetolewa na nusu ya pili haijawahi kufika.

Pakiti kwenye stoo

Hapo ndipo nilipouliza swali la siku ya kwanza: maji ya mapipa yanatoka wapi? Mhudumu akaonyesha tangi la mnarani. Limewahi kuwekwa kitu chochote? Akafikiri, akasema, "Labda ile dawa ya mbu."

Wakati wa mvua walipita vijana wa kampeni ya kuzuia mbu mtaani. Hofu ya homa ya dengi haikuwa ya kubuni. Dar es Salaam imepata milipuko mikubwa mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza hupenda matangi na ndoo za majumbani. Tangi letu lilikuwa na pengo penye bomba la kuingizia maji, na ndani yake palikuwa na viluwiluwi. Vijana wakaweka chembechembe kidogo na kuacha pakiti. Kiambato chake: pairiproksifeni, asilimia 0.5.

Kipimo chao kilikuwa sahihi. Shirika la Afya Duniani linaruhusu pairiproksifeni iwekwe hata kwenye maji ya kunywa kwa kudhibiti viluwiluwi, mradi isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Kwa tangi la lita 5,000 hiyo ni miligramu 50 za dawa yenyewe, au gramu 10 za chembechembe. Ni kijiko kidogo tu.

Baada ya siku nne Msimamizi akapanda mnara kuangalia. Viluwiluwi walikuwa wanaogelea kama kawaida. Akaona dawa imechakaa, akaongeza kiganja kizima.

Simlaumu, maana pakiti haikumweleza namna dawa inavyoua. Pairiproksifeni haiui kiluwiluwi papo hapo. Inaiga homoni ya utoto, ile inayomwambia mdudu "bado wewe ni mtoto". Kwa kawaida homoni hiyo hupungua ili mdudu aweze kubadilika. Ikiletwa kutoka nje wakati wa kugeuka, mbu anakwama hatua ya pupa na hatoki akiwa na mabawa. Kwa hiyo viluwiluwi wataonekana siku zote, na kipimo cha kazi ya dawa ni mbu wangapi wanatoka. Mtu anayechungulia tangi hawezi kuliona hilo.

Kwa nini dawa ya mbu iguse moina? Wadudu na krasteshia ni ukoo mmoja, na kwenye mti wa nasaba wadudu ni tawi lililochipuka ndani ya krasteshia. Krasteshia wana homoni inayofanana sana na ile ya wadudu, inaitwa methaili fanesoeti, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye kaa wa baharini mwaka 1987. Wanaofuga kamba wanaijua bila kuijua jina: wanapokata kikonyo cha jicho cha kamba jike ili atage haraka, moja ya breki wanazoondoa ni ile inayozuia tezi inayotengeneza homoni hii. Kwa dafnia, homoni hiyohiyo ndiyo inayoliamuru yai kuwa dume. Mwaka 2002 watafiti wa North Carolina walionyesha hivyo, na mwaka uliofuata kundi la Japani likiongozwa na Norihisa Tatarazako likaonyesha kwamba dawa za kuiga homoni ya wadudu zinafanya kazi ileile. Kwa pairiproksifeni na dawa ndugu yake, fenoksikabi, nanogramu 330 kwa lita zilitosha kumfanya dafnia wa aina ya Daphnia magna azae madume karibu watupu, na idadi ya watoto ikashuka chini ya nusu.

Tuweke hesabu mezani. Kipimo halali cha tangi ni nanogramu 10,000 kwa lita, mara 30 ya kiasi hicho. Pipa likichanganywa sehemu moja ya maji ya tangi kwa sehemu tisa za maji safi, bado lina uwezekano wa kufika nanogramu 1,000. Na hapo sijahesabu kile kiganja.

Jaribio la chupa kumi na mbili

Kupima pairiproksifeni kwa kiwango cha nanogramu kunahitaji mashine ambayo ni maabara chache zinazo, na gharama ya sampuli chache ingenunua makopo ya artemia ya msimu. Mama aliniuliza kwa haki kabisa, "Nikishalipa, nitajua nini ambacho sitakijua kwa kuwaangalia wenyewe?" Tukaamua moina wenyewe wawe kipimo.

Tulichukua majike kutoka kwa mfugaji mwingine ambaye hakuwahi kutumia maji yetu. Sababu ni rahisi: majike wetu walikuwa tayari wameshaguswa, wangetoa madume hata kwenye maji safi na tungechanganyikiwa. Tukasafisha chupa 12 za jemu kwa maji ya moto bila sabuni. Sita zikapata maji ya kisima moja kwa moja, sita maji ya tangi. Kila chupa jike mmoja mwenye mayai mgongoni, maji ya kijani kutoka ndoo moja, na zote kwenye dirisha moja. Kila mzao ulipotoka tulimhamisha mama kwenye chupa nyingine yenye maji yaleyale, na kuwaacha watoto siku mbili wakue ndipo tuwatazame vipapasio, kwa sababu kwa hadubini ya shule moina mchanga hasemi kitu.

Mzao wa kwanza: majike pande zote mbili. Msimamizi alitaka kumwaga chupa. Nami, nakiri, kwa usiku mmoja nilianza kuandika kichwani barua ya kuwaomba radhi vijana wa kampeni.

Kilichotuzuia ni kukumbuka jinsi amri inavyotolewa. Majike wale walikuja na mayai tayari mgongoni, na mayai yaliyo mgongoni yameshaamuliwa jinsia. Maji ya tangi yangeweza tu kugusa mayai yanayofuata. Tukangoja mzao wa pili.

Mzao wa pili kwenye maji ya kisima ulikuwa wa majike. Kwenye maji ya tangi, chupa nne kati ya sita zilitoa madume watupu, ya tano mchanganyiko, na ya sita mama alikufa kabla ya kuzaa. Mzao wa tatu haukubadilisha picha, isipokuwa watoto wa upande wa tangi walikuwa wachache zaidi.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa tangi. Mhudumu alishafungua bomba la kulimwaga kwenye mfereji unaoshuka mtoni, tukamzuia. Mto ule una kamba wadogo na kaa, na watoto wa kijiji wanawavua. Pairiproksifeni hushikamana sana na udongo na tope na haisafiri kirahisi ardhini, kwa hiyo tulimwagia migomba iliyo mbali na mfereji, kidogo kidogo kwa siku tatu ili maji yasitiririke.

La pili lilikuwa mapipa. Nilitaka yaoshwe tu. Mama akakataa, akanunua mapya mawili na kusema tuanze na hayo, ya zamani yaoshwe polepole. Alikuwa sahihi kuliko mimi. Dawa hii inapenda mafuta na inajibandika kwenye plastiki na uchafu, kisha inaachia taratibu. Kwa kudhibiti mbu hiyo ni sifa, maana tangi linabaki na kinga kwa wiki nyingi. Kwetu ilikuwa balaa.

La tatu lilikuwa mbegu. Tulipanga kutegemea moina wa jirani peke yao, ndipo mhudumu akaleta kopo la maziwa ya unga lililojaa tope kavu. Mwaka uliotangulia, pipa moja lilipokauka kiangazi, alikwangua tope na kulihifadhi, "maana niliona zile mbegu nyeusi". Tukaloweka vijiko viwili kwenye maji ya kisima. Baada ya siku chache walitokea moina wadogo, na wanaotoka kwenye mayai ya kulala huwa ni majike. Hivyo kituo kikarudisha ukoo wake uliokuwa umeshazoea joto na maji ya pale. Kwangu hili ndilo tendo bora la kisa kizima, na lilifanywa na mtu ambaye hakuna aliyemuuliza ushauri.

Tulijaribu pia kuwaokoa majike waliobaki kwenye mapipa ya zamani, tukiwasuuza mara tatu kwa maji ya kisima. Mzao wao wa kwanza ulikuwa madume, kwa sababu ileile ya mayai yaliyokwisha amriwa. Iliyofuata ikarudi majike. Madume waliokwisha kuzaliwa hawakubadilika na hawabadiliki.

Matokeo

Baada ya wiki tatu hivi mapipa mapya mawili yalikuwa yanavunwa, na baada ya miezi miwili yote manane yalirudi kazini, baadhi yakiwa ni mapipa mapya. Hasara ilikuwa mzao mmoja wa vifaranga na sehemu ya wa pili, makopo ya artemia ya dharura, na wateja wawili waliokwenda kwingine. Vifaranga waliokuwepo hawakuonyesha dalili zozote, kama tulivyotarajia, kwani samaki hawana homoni hii na maji yao hayakutoka kwenye tangi.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa kuhesabu bila kutazama. Tulipima afya ya pipa kwa wingi wa vichwa na kwa kuchezacheza kwao, na vyote viwili vilikuwa vizuri. Hatukuwa peke yetu. Jaribio la sumu la saa 48, ambalo ndilo la kwanza kufanyiwa dawa nyingi, huangalia kama dafnia wanaweza kuogelea. Kwa pairiproksifeni, nusu yao huacha kuogelea ikifika karibu miligramu 0.4 kwa lita, yaani zaidi ya mara 1,000 ya kiasi kinacholeta madume. Hata jaribio refu la siku 21, mwongozo namba 211 wa OECD (shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali), lilipotoka mwaka 1998 liliagiza watoto wahesabiwe tu. Kiambatisho cha kutambua jinsia yao kiliongezwa mwaka 2008. Maabara zenye vifaa vyote zilikuwa zinahesabu watoto bila kuwaangalia kipapasio, kwa hiyo sioni aibu sana kwa niaba ya mhudumu mwenye chujio. Naona aibu kwa niaba yangu, kwa sababu mimi nilikuwa na kioo cha kukuzia mfukoni tangu siku ya kwanza.

Kosa la pili ni kuanza na mnyama badala ya kuanza na mabomba. Vifaranga walikuwa wazima na moina wamekwama, na tofauti pekee ya maji kati yao ilikuwa tangi. Mchoro wa mabomba kwenye karatasi ungelionyesha kwa dakika tano. Hapa hunijia kisa cha Karel Sláma, mtafiti wa wadudu aliyehamisha kunguni wake wa mimea kutoka Prague kwenda Harvard miaka ya 1960 kufanya kazi na mtafiti mwenzake Carroll Williams. Kunguni walikataa kuwa watu wazima. Wakakagua chakula, maji na mwanga, na mwisho mkosaji akawa karatasi ya kufutia iliyowekwa ndani ya vyombo vyao: mti uliotengenezea karatasi ya Marekani ulikuwa na kitu kinachoiga homoni ya utoto. Walikuwa wanatafuta jambo kubwa na jibu lilikuwa linatandikiwa wadudu kila siku.

Kilichofanya kazi ni kutumia majike wa kutoka nje na kungoja mzao wa pili. Tungetumia majike wetu, upande wa maji safi ungetoa madume na tungelaumu chakula tena. Tungeishia mzao wa kwanza, tungelisafisha tangi jina. Ukirudia jaribio hili kwako, angalia na ukoo wa wanyama wako. Wapo dafnia wa koo fulani ambao hawatoi madume hata ukiwawekea homoni yenyewe, na jaribio lao litakuambia maji ni salama siku zote.

Udhaifu wa ushahidi wetu nao usemwe. Chupa sita kwa sita ni kidogo, na hatukupima dawa ndani ya maji. Tunachoweza kusimamia ni kwamba maji ya tangi yalileta madume na ya kisima hayakuleta, na kwamba kwenye tangi palikuwa na dawa inayojulikana kufanya hivyo kwa dafnia. Kwa moina wenyewe, watafiti wa Japani walishaona madume wakizalishwa na fenoksikabi, ndugu wa dawa hii, mwaka 2005. Kwa kuamua kubadili bomba, inatosha. Kwa kwenda mahakamani haitoshi, na Mama hakuwa na nia hiyo.

Kuhusu kampeni ya mbu, sikubaliani na waliosikia kisa hiki na kusema dawa ipigwe marufuku. Kwa binadamu kipimo cha tangi kipo mbali na hatari, na dengi inaua. Ila dawa hii inazidi kuingia kwenye maisha yetu, hata kwenye vyandarua: vyenye pairiproksifeni vilishafanyiwa majaribio Misungwi, Mwanza, na chandarua siku moja hufuliwa, mara nyingi ukingoni mwa maji. Dagaa nao wanaishi kwa kula jamaa za moina. Swali la "mna mifugo ya maji hapa?" lingewachukua vijana wa kampeni sekunde tatu mlangoni, na lingetosha kuwafanya wazibe pengo la tangi kwa kipande cha chandarua badala ya kuweka chembechembe.

Tangi lenyewe lilisuguliwa kwa sabuni na brashi, likakaa juani wiki nzima likiwa wazi, likajazwa upya. Tukarudia chupa sita. Madume walitoka tena, safari hii kwenye chupa tatu. Likashushwa mnarani, sasa linamwagilia migomba, na Msimamizi ameliandika kwa rangi nyekundu: SI YA MOINA. Mhudumu bado anaweka chupa sita dirishani kila baada ya miezi miwili, kwa maji ya tangi lile. Mara ya mwisho nilipompigia alisema tano zilikuwa safi. Ya sita alikuwa bado hajaiangalia, hadubini ilikuwa shuleni kwa mitihani.